Nilihamisha kuku wa mama kwenda bandani yeye akiwa kanisani

Wakuu, mambo vipi humu ndani?

Nina kisa cha broila. Sio chai, yamenikuta mwenyewe hapa Ilala.

Mimi ni Mchaga, nauza vyombo kwa jumla Kariakoo, upande wa Msimbazi. Chupa za chai, sufuria, ndoo. Mwaka jana mzee wangu alifariki, na baada ya mazishi nikamchukua mama kutoka Marangu aje akae na sisi. Sikutaka abaki peke yake kwenye ile nyumba.

Kumbe upweke nilikuja nao huku huku. Tumepanga nyumba ya vyumba vya korido, uani tunashea na Bi Zuhura, mama wa pwani aliyezaliwa humo humo. Mama alikuwa akitoka chumbani kwenda kuoga tu, na Jumapili kanisani. Chakula vijiko vitatu, ameshiba.

Niliogopa, wakuu. Niliona na yeye anaondoka hivi hivi.

Ndio nikapata wazo la kuku, maana kwao amefuga maisha yake yote. Nikaleta vifaranga hamsini wa siku moja. Banda nililoanza kujenga uani lilikuwa halijaisha, basi bruda ya kuwalelea tukaiweka kwenye kona ya chumba chake: maboksi ya chupa za chai niliyoyaunganisha yakawa duara, maranda chini, balbu ya joto juu.

Aisee, mama akafufuka. Akakata makopo ya mafuta ya kupikia, akayageuza juu ya visahani, vikawa vyombo vya maji. Kila akiweka maji anagonga kisahani kwa kijiko, vifaranga wanakuja mbio. Anaongea nao Kichaga kutwa nzima. Hata chakula akaanza kula.

Tatizo broila hawaombi ruhusa kukua. Wiki ya tatu manyoya yameshatoka, chumba kinanuka, na joto la Dar ukijumlisha na ile balbu, humo ndani hakukaliki. Banda lipo tayari. Nikimwambia mama tuwatoe, jibu ni moja: "Watapata baridi."

Baridi gani ya Ilala? Lakini kwao Marangu ukimtoa kifaranga mapema umemuua, na yeye ndivyo alivyozoea.

Jumapili moja, yeye na mke wangu wakiwa kanisani, nikawahamisha wote. Saa sita mchana. Wataalamu najua mshaanza kutikisa vichwa.

Subirini, kubwa zaidi hili hapa. Yale makopo yalikuwa yananitia aibu, mimi muuza vyombo. Nikayatupa kwenye ndoo ya taka, nikaweka vyombo vipya vyekundu, nimevipanga hadi nikavipiga picha.

Saa nzima ikapita, hakuna aliyekunywa. Wamejibana kona moja chini ya bati la moto, midomo wazi, mabawa yameanguka. Nikiwasogeza kwenye maji wanarudi kona ile ile. Wawili wakafa nawaangalia.

Kurudi mama, nikamfuata chumbani. Amekaa kitandani, kitambaa cha kanisani bado kiko kichwani, anaangalia kona tupu. Pale ndio nikaelewa nimefanya nini. Nilikuwa nimemnyang'anya wenzake bila hata kumuuliza.

"Umewapeleka wapi?"

"Bandani, Mama. Nisamehe. Hawataki kunywa maji."

Hakunigombeza. Alinyanyuka, akayatoa makopo kwenye taka kwa mkono wake, akayaosha, akaingia bandani na gauni la kanisani. Akajaza maji, akagonga kisahani.

Akaja mmoja. Wakaja watano. Kisha wote. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la maranda.

Bi Zuhura alikuwa anafua pale pale. Akalowesha magunia mawili, akaniambia, "Mangi, panda uyatandaze, hilo bati linawachoma." Halafu akamsogezea mama kigoda. "Kaa, bibie. Utachoka kusimama."

Mama akakaa. Siku ile hakurudi chumbani mpaka jua lilipozama, na kesho yake asubuhi alikuwa uani kabla yangu. Wiki haikuisha, nikawakuta wanamenya ndizi za mtori pamoja, Bi Zuhura anamwita shoga.

Hao wengine wote walikua vizuri. Kaka yake Bi Zuhura ndiye aliyewachinja, ili kila mtu mtaani ale bila wasiwasi.

Nilichojifunza: hamisha asubuhi kabla jua halijawa kali. Nenda na vyombo walivyovizoea, vipya viweke pembeni wavizoee taratibu. Na kama kuku ni wa mama yako, mwambie kwanza. Mimi nilidhani nahamisha kuku tu.

Juzi nimemuuliza nimletee wengine?

"Leta," akasema. "Ila hao wakae huku huku uani. Chumba changu ni cha kulala."

Kwa hiyo wakuu, aliyewahi kujenga bruda ya nje inayohimili mvua za masika aweke maelekezo hapa, na picha kama zipo. Fanyeni haraka kidogo. Mama na shoga yake wameshachagua sehemu ya kuiweka, na wanaona nawachelewesha.