Pampu ya Qali

Katika mashamba ya ndizi na matikiti kando ya Tana, nje kidogo ya mji wa Garissa, hakuna anayemshinda Qali kwa ulimi. Ni mjane, ameozesha mabinti wawili, na sasa anamlea mjukuu wake Sabirin. Ila ukitaka kumjua hasa, mtazame jioni anavyoifunika pampu yake ya maji kwa gunia, taratibu, kana kwamba itashikwa na mafua.

Kituo kimoja cha utafiti kisichotafuta faida kilikuwa kinaisaidia kaunti kujiandaa kwa mafuriko. Kikamtuma Hamdi, binti wa mtaa wa Waberi mjini, apite shamba kwa shamba na swali moja: maji yakija, utabeba nini kwanza? Qali alijibu kuwa ni mtoto, tena akaudhika kwa kuulizwa. Majirani nao wakajibu vivyo hivyo. Hamdi aliandika yote bila kuamini hata nusu, maana mjomba wake ni mkulima. Akaiomba kaunti ifanye zoezi la kukimbilia mlimani.

King'ora kilipolia, Qali alifika mlimani wa mwisho kabisa. Pampu ilikuwa juu ya mkokoteni wa punda, na Sabirin anafuata nyuma kwa miguu, kuku kwapani. Afisa wa kaunti alimwonyesha saa na kumwambia kwamba kwa mwendo huo angekuwa marehemu.

“Mtoto iko na miguu,” Qali akamjibu. “Pampu iko na miguu?”

Hamdi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akayaandika maneno hayo kama yalivyo. Alipowauliza waliochelewa, karibu wote walikuwa wakihangaika kufungua pampu. Basi kituo hakikumhubiria mtu. Kiliipa kaunti ushauri mmoja tu: onyo likitolewa, tumeni kwanza lori la pampu, na fundi ndani yake. Ofisini watu walicheka sana, lori zima la kuokoa vyuma! Lakini takwimu zilikuwa mezani, wakakubali shingo upande.

Novemba mvua za huko juu, mto unakotoka, zikazidi, na onyo likaja asubuhi. Fundi alifungua pampu ya Qali kwa dakika chache. Qali hakumjua dereva, na kumwachia mali yake hakutaka hata kusikia, kwa hiyo alipanda lorini na Sabirin wake, akaikalia pampu. Majirani nao walikuwa na shaka ileile, wakapanda pamoja na pampu zao. Kufikia adhuhuri mashamba yote yalikuwa matupu, na hakuna aliyebembelezwa.

Alasiri walisimama mlimani wakitazama. Palipokuwa na migomba palikuwa na maji ya rangi ya udongo, hata jani halionekani. Qali aliogopa, akamvuta Sabirin karibu.

“Eddo, uko sawa?” Hamdi akamuuliza, akimwita shangazi kwa Kisomali.

“Saa hii ningekuwa hapo chini, nafungua bolti,” Qali alisema. “Na huyu angekuwa ananishikia spana.”