Tawi Nililombebesha Mzee Romanus

"We chalii, mti wangu umeu—"

"Shikamoo mzee."

"Nakuuliza, mti wangu umeufa—"

"Shikamoo, mzee Romanus."

"Usinizungushe na shika—"

"Shikamoo baba."

"MARAHABA! Haya! Mti wangu umeufanya nini?"

Wadau, hiyo ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, kitaluni kwangu Oldonyo Sambu. Akina mama kumi na wanne wamekaa kwenye mabenchi na ndoo zilizogeuzwa. Wamekuja kuamua nani atawapa miche ya parachichi ya kikundi chao. Wote wametoa macho.

Mzee Romanus kavaa koti la suti na kofia, viatu vimejaa vumbi. Mkononi kashika kipande cha utepe wa bluu, kimechakaa kama ulimi wa kiatu.

Nikakijua pale pale. Nilikuwa nakisubiri miaka mitatu.

"Kaa mzee, uletewe chai."

"Sitaki chai ya mchawi!"

"Basi maji."

"KOIKAI!"

Kumbe jina langu analikumbuka. Kwenye ile barua aliyopeleka chuoni kwangu aliniandika "mwanafunzi huyu" mwanzo mpaka mwisho.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona sina adabu. Adabu sina kweli, ila nina sababu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo, shahada ya kilimo. Nikapangiwa fildi kwenye kitalu cha mzee Romanus, Olmotonyi. Chuga, mji wetu mzima, ukitaka mche wa parachichi la Hass unaambiwa nenda kwa yule Mchaga. Getini kwake kuna mparachichi mkubwa, kauwekea kibao: MTI MAMA. Vikonyo vyote, vile vijitawi vya kupachika kwenye miche, vinakatwa hapo. Kila mgeni lazima apigwe picha chini yake kama bwana harusi.

Kwa msiojua, Hass huipati kwa kuotesha mbegu yake. Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji, ikifika unene wa penseli unaikata kichwa, unaipachika kikonyo cha Hass, unafunga na nailoni. Tunaita kubebesha. Kikishika, una mche. Kisiposhika, una kijiti.

Sasa mimi pale sikuwa malaika. Wiki ya kwanza tu nilibadilisha kibao cha OFISI na cha CHOO. Mgeni kutoka wilayani akasimama na faili lake, anabisha hodi chooni dakika tano. Na kuna mtu ndani anamjibu, "Subiri kidogo!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee hakucheka.

Ndio maana siku balaa lilipotokea, mtuhumiwa alikuwa tayari.

Jumatatu moja tumefika kazini, miche mia nane imejikunja. Majani kama yamechemshwa. Mpaka Jumatano yote imekufa.

Mzee hakuuliza mtu. Alininyooshea kidole tu. "Huyu. Huyu mpenda utani."

Mimi nilishanusa bomba la kupulizia. Ijumaa mzee mwenyewe alilichukua kwenda kupulizia dawa ya magugu shambani kwake. Jumamosi karudi nalo, hakulisafisha, akatia dawa ya wadudu juu yake, akapulizia miche kwa mkono wake. Nilimwona. Nikasema, mbele ya wafanyakazi wote.

Unajua alinijibu nini?

"Wewe hata magugu hayatakubali kuota ulipokanyaga."

Barua ikaenda chuo. Uzembe, hujuma, hafai. Nikaitwa kwenye kamati, nikajieleza mpaka mate yakakauka. Lakini mwanafunzi mwenye historia ya kubadilisha vibao vya choo nani amwamini?

Nikapigwa disko, yaani nikafukuzwa chuo. Lile lisilokuwa na muziki.

Siku ya kwenda kuchukua vitu vyangu kitaluni ilikuwa saa saba mchana, wote wapo jikoni wanakula makande. Mti Mama umesimama getini peke yake.

Nikautazama. Ukanitazama.

Nikapanda na kisu changu mpaka tawi la juu kabisa, upande wa nyuma, ambako hakuna anayekata vikonyo. Hapo nilikuwa makini, jamani. Sikutaka mkulima hata mmoja auziwe mche feki. Nilimtaka yeye peke yake.

Nikapogoa vile vitawi vya pale, nikabebesha vikonyo vitatu vya parachichi la kienyeji. Lile kubwa la kijani, maji matupu, linakaa kama kibuyu.

Nailoni ikaniishia. Nikavua utepe wa kitambulisho changu cha chuo, si nilikuwa siuhitaji tena? Nikafungia kwa juu, nikakaza.

Nikashuka. Nikaenda zangu.

Nyumbani yeyo, yaani mama yangu, hakunisema. Alinionyesha tu kipande cha ardhi nyuma ya boma na punda wawili wa maji.

"Wewe si unajua miti? Haya."

Oldonyo Sambu sio Olmotonyi, wadau. Huku ni upande mkavu wa Mlima Meru. Kule mvua inapiga, huku tunaiona ikipiga kule. Upepo unakuletea vumbi mpaka kwenye ugali.

Nikabebesha miche mia tatu ya kwanza. Ikashika tisa.

Tisa!

Nikabebesha mia nne. Ikaanza kushika vizuri, mbuzi wa jirani yangu Meitamei wakaingia asubuhi moja, mpaka wanatolewa vimebaki viriba, ile mifuko ya udongo. Meitamei akaja kuniomba radhi huku anatafuta pa kuficha kicheko. "Sasa Koikai, na wewe umewapandia saladi."

Mara ya tatu jua likaninyoosha. Mara ya nne kisu kilinikata kidole, kikavimba kama ndizi mshale.

Kila nikitaka kuacha, nasikia ile sauti. Hata magugu hayatakubali.

Nikachukua ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu, nikautundika getini: KITALU CHA MAGUGU.

Watu walinicheka. "Sasa nani anunue mche kwenye magugu?"

Nikasema nyie subirini.

Nikajifunza kubebesha alfajiri kabla upepo haujaamka. Nikajifunza kuvika kila mche mfuko mdogo wa nailoni kama kofia, usikauke. Nikapiga uzio wa miiba, Meitamei mwenyewe akanisaidia. Maji punda wanaleta, kilomita sita kwenda, sita kurudi. Mwaka wa pili kati ya kila miche kumi inashika saba. Mwaka wa tatu, tisa.

Nikaongeza na miche mingine: migrevilea, maua, isale. Hiyo isale ni mmea wa majani marefu membamba. Wachaga walikuwa wanainunua kweli kweli. Mimi nikadhani wanapenda uzio.

Kumbukeni hiyo isale.

Mwaka huu, ndipo Mti Mama ukazaa dini mbili.

Chini, Hass nyeusi nyeusi zenye vipele. Juu kule nyuma, vibuyu vya kijani vinaning'inia vinang'aa.

Olmotonyi ikachafuka. Mmoja anasema kalogwa, mwingine anasema ni mizimu ya kwao Kilimanjaro. Padri akaitwa, akanyunyiza maji ya baraka. Wiki iliyofuata vibuyu vikanenepa zaidi.

Kikundi cha akina mama wa huku kwetu walikuwa wamekwenda kwake kwanza. Wakauona ule mti. Mwenyekiti wao, mama Namelok, akauliza swali moja tu: "Kama mama ana watoto wa baba wawili, sisi utatuuzia wa baba yupi?"

Wakageuza, wakaja kwangu.

Ndio mzee akapanda mti mwenyewe, na umri ule. Akakuta utepe umezama kwenye gamba, herufi za chuo bado zinasomeka.

Sasa turudi kwenye ugomvi.

"Huu utepe wa nani?" Anautikisa mbele ya pua yangu.

"Wa mwanafunzi huyu."

Akina mama wakaangua kicheko. Macho ya mzee yakawa mekundu kama udongo wa kwake.

"Umeniharibia jina! Miaka thelathini nalijenga!"

"Mimi langu uliliharibu kwa karatasi moja."

"Nitakushtaki!"

"Nishtaki. Tukifika kule tuanze na miche mia nane. Au tuanze hapa hapa, hawa mama wanasikia. Nani aliiua?"

Mzee akaukunja utepe kiganjani.

"Sema mzee. Sitaki kingine kwako. Sema nani aliiua, nitakuja mwenyewe kukata lile tawi."

Miaka mitatu nimeswaga punda na kuchanika vidole kwa ajili ya sentensi moja kutoka mdomo ule.

Mzee akatazama kule getini. Akausoma ubao. Midomo ikacheza: ki-ta-lu cha ma-gu-gu. Nikaona neno lake la siku ile limemwingia.

Akazunguka kitalu, anashika mche mmoja mmoja, anakagua fundo nilipobebeshea. Akafika mwisho, akasimama.

"Isale unauza?"

"Nauza." Sikuelewa.

"Nipe jani moja."

Nikamchumia. Akalifunga fundo, taratibu. Akavua kofia. Akanirudishia lile jani.

Mimi mtoto wa Kiarusha, mkubwa akikupa kitu unafanyaje? Nikapokea. Kwa mikono miwili na kichwa nikainamisha.

"Yesu na Maria!"

Ni Ndeshi huyo. Mchaga kutoka Rombo, kaolewa huku kwetu, ndiye mweka hazina wa kikundi. Kasimama, ndoo imeanguka.

"Koikai, umepokea!"

"Nimepokea nini? Jani langu mwenyewe!"

"Hiyo ni isale! Kwetu mtu akikuletea isale anaomba msamaha. Na hukatai. Ukishaipokea imeisha!"

Nikamtazama mzee. Katulia kabisa.

Nimepigwa! Mimi, Koikai, niliyembishisha mtu hodi chooni, nimepigwa na mzee wa suti! Shikamoo yangu hakuweza kuikataa, na yeye kanirudishia kitu ambacho siwezi kukikataa. Miaka mitatu ya hasira yangu kaibeba na jani moja la kwenye kitalu changu mwenyewe.

Nikataka kulitupa. Ndeshi akatikisa kichwa, macho makali. Nikalishika.

Halafu akili ya utani ikaniamkia.

"Dada Ndeshi. Huko kwenu, mtu anaweza kuomba msamaha bila kusema kosa?"

Ndeshi akamgeukia mzee. "Hapana. Kosa linasemwa."

"Linasemwa kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Mzee akafumba macho. Kanaswa kwenye isale yake mwenyewe.

"Ile miche..." Akakohoa. "Ile miche mia nane niliiua mimi. Bomba lilikuwa na dawa ya magugu. Nilijua siku ile ile. Niliona aibu mbele ya wafanyakazi, nikamtwisha kijana."

Hakuna aliyecheka.

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nikakaa chini kwenye kiroba cha mchanga. Yeyo alikuwa mlangoni na jagi la chai, akageuka akarudi ndani, kanga kaishika machoni.

Kwa hiyo somo langu ni hili. Mtu akikwambia huwezi, usipoteze mate kubishana naye. Yaandike maneno yake kwenye ubao, uyatundike pale unapofanyia kazi, halafu piga kazi. Ife, anza. Iliwe na mbuzi, anza. Mpaka siku aje ayasome mwenyewe kwa mdomo wake.

Nilijua stori imeishia hapo. Nikamwambia mzee, "Kesho nakuja na msumeno, tawi lako naliondoa."

"Ero, kijana, ngoja kwanza."

Mama Namelok kasimama, anakung'uta vumbi kwenye shuka.

"Hass ikiiva, mume anaibeba yote kwenda sokoni. Watoto wanabaki na maganda. Lile la kienyeji mnunuzi halitaki. Litabaki nyumbani, si ndiyo?"

Mimi na mzee tukatazamana.

"Basi tawi msikate. Sisi tunaomba miche mia tano kama mti ule ule, tawi la baba na tawi la watoto. Na mtubebeshee nyie wawili, kwenye meza moja, tukiwaona."