Lami ya Ndani ya Mtungi

Shangazi yangu hakai. Ukimkaribisha kiti, anakifuta kwanza, halafu anatafuta kingine cha kufuta. Walimwita Mama Brashi, na jina lilimkaa sawasawa hata kabla hajaajiriwa kuosha vigae kwa wachimbaji wa mambo ya kale. Vipande vya vyungu vilitoka shimoni vimejaa tope, vikitoka mikononi mwake vinang'aa.

Mama yangu, wifi yake, aliosha kwenye meza hiyohiyo. Kwake haraka haraka haina baraka. Akiosha kimoja hupumzika cha pili, na shangazi alimsema kutwa kucha.

Siku moja vikaja vipande vya mtungi wa kijani-samawati, laini kama kioo. Mkuu wa uchimbaji alifurahi mno. Alisema uliletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Ndani vilikuwa vyeusi. Shangazi akaona masizi, na masizi anayajua. Akavisugua kama sufuria za nyumbani.

"Weusi wa ndani uko wapi?" mkuu akauliza.

"Nimeutoa wote, bosi," akajibu, akingoja kusifiwa.

Kumbe ilikuwa lami. Mtungi ulipakwa ndani usivuje, na lami hiyo ndiyo ambayo maabara wangeipima wajue ilitoka nchi gani. Sanduku la maabara lilikuwa linaondoka alasiri. Mkuu hakufoka, na hilo lilimuumiza shangazi zaidi. Alisema tu kwamba kisipopatikana kipande chenye lami, kesho brashi itashikwa na mtu mwingine.

Hapo shangazi akawa kuku anayetaka kutaga. Akachuja maji ya beseni kwa kitambaa. Akapekua tope uani kwa vidole. Akafungua masanduku aliyoyafunga mwenyewe, akayafunga, akayafungua tena. Nyumba nzima ilikula kwa brashi ile, na alijua. Mama alikuwa anakunywa chai.

"Wifi, nisaidie basi. Naumbuka mie."

"Unatafuta nini kwani?"

"Kipande kichafu."

Mama akatua kikombe. "Ungesema mapema. Vichafu mimi ninavyo."

Akainama, akavuta trei chini ya benchi, iliyofunikwa gunia. Mlikuwa na vigae vya wiki nzima, kila fungu na lebo yake ya shimoni, havijaonja maji. Alivificha asisemwe. Katikati vilikuwamo viwili vya kijani-samawati, na ndani lami nene, kavu.

Shangazi akachukua kimoja. Kidole gumba kikaanza kusugua chenyewe.

Mama akamshika mkono. "Wifi. Kiweke."

Akakiweka. Kisha akavuta kiti, akakaa bila kukifuta. Mguu tu ndio uliokataa kutulia.