Mama Miche na Kipindi cha Marudio

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shangazi yangu hufungua mlango wa jikoni, huinamia chungu kikubwa cha maua kilichopo kizingitini na kuchomeka kidole udongoni mpaka kwenye fundo. Hukitoa, hukitazama, kisha hukifuta kwa kitambaa cha vyombo. Mumewe, fundi cherehani asiyeweza kuvumilia doa, amemnunulia vitambaa vya kila rangi akitumaini siku moja atatenga kimoja kwa ajili ya udongo. "Nimeoa jembe," husema, huku akimsogezea kikombe.

Wengi wanamjua kwa jina la Mama Miche. Kwa miaka mingi alionekana kwenye televisheni jioni, kabla ya taarifa ya habari, akiwafundisha watu kulima mboga kwenye ndoo, magunia na viwanja visivyotosha hata kugeuza baiskeli. Kazi hiyo hakuitafuta. Alikuwa mwalimu wa kilimo katika shule ya msingi. Siku moja mtangazaji wa kipindi cha mapishi alikaukiwa na sauti, na mtayarishaji, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akamkimbilia.

"Mwalimu, nisitiri. Dakika chache tu."

Alikwenda na beseni la udongo, mche wa nyanya, na kopo lililotobolewa matundu. Hakujua kamera hutazamwa vipi, basi akaifanya darasa. "Wewe wa nyuma, unaniona?" aliuliza, akiunyanyua mche juu. Majumbani, waliokaa nyuma walicheka, na kesho yake simu za kituo hazikupumzika. Watu walitaka kujua yule mwalimu atarudi lini.

Kituo kilimpa kipande cha ardhi nyuma ya jengo, kati ya jenereta na tangi la maji. Palinuka dizeli, na jua lilipafikia asubuhi tu. Hapo alitengeneza matuta yake. Alichopanda alikipanda mbele ya kamera, na kikifa, kilionyeshwa kimekufa. Mara moja mpiga picha alinunua kabichi nene sokoni akalisimamisha kwenye tuta ili picha ipendeze. Shangazi alilichomoa kamera ikiwa inaendelea, akampa. "Hili limeshakua. Kapike."

Watu walimwamini, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa kiangazi, na mechi iliyotakiwa kuonyeshwa jioni ile iliahirishwa. Ili kuziba pengo, mtayarishaji alichukua kipindi cha zamani cha Mama Miche akakirusha. Nilikuwa kwao nikila likizo. Mumewe alikuwa anashona vifungo, shangazi anapiga pasi. Mara akajiona kwenye kioo cha televisheni, amevaa blauzi ya bluu aliyokwisha kuigawa, ameshika mche wa kabichi.

"Wiki hii ndiyo wiki yenyewe," ile blauzi ya bluu ilisema. "Itoe miche kitaluni, uipeleke shambani. Usingoje."

Shangazi aliiacha pasi juu ya meza. "Huyu anasema nini?"

"Si wewe?" mumewe alijibu.

"Nilisema hayo mvua ikinyesha. Leo kuna mvua?"

Alipiga simu kituoni. Mlinzi alimwambia wakubwa wote wamekwenda nyumbani, ila kipindi kilikuwa kizuri sana, mkewe alikuwa tayari ameanza kuchimba mashimo.

Siku chache baadaye tulikwenda sokoni. Mama mmoja muuza mboga alitusimamisha, akafunua beseni lake. Ndani kulikuwa na miche ya kabichi iliyolala kama nyuzi zilizokatwa. Hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali.

"Mwalimu, ulisema wiki hii," alisema. "Ndiyo mbegu yote niliyokuwa nayo."

Kutoka hapo shangazi alikwenda moja kwa moja kituoni. Alitaka kipindi kinachofuata kianze kwa kuomba radhi. Mtayarishaji alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Mwalimu, tukisema tumekosea, bosi atauliza nani alichagua mkanda. Ni mimi. Watu watasahau."

"Aliyepanda hasahau."

"Basi omba radhi, lakini mkanda huo mimi siurushi. Na usiporekodi kingine, nafasi yako watapewa wengine. Wanaitaka hata leo."

Alirekodi radhi yake vilevile, amesimama mbele ya tuta ambamo yeye naye alikuwa amepanda kabichi wiki ile ile ya marudio, ili aone yaliyowapata watu. Lilikuwa kavu kabisa. Mkanda ukawekwa kabatini. Alipoitwa kurekodi kipindi cha mchicha, alijibu kwamba kile cha kabichi hakijatoka bado. Wakaita tena, akajibu hivyo hivyo. Jioni zake wakapewa vijana wa muziki.

Sitadanganya kwamba hakuumia. Saa ya kipindi ikifika alitafuta kazi ya uani, na mumewe alijifunza kuizima televisheni bila kuambiwa. "Rekodi tu hicho cha mchicha," alimwambia mara moja. "Utapoteza kila kitu kwa ajili ya kabichi." Shangazi aliendelea na kazi yake. Alikuwa anajaza udongo kwenye makopo, kila kopo lililopatikana mtaani. Mvua zilipokaribia alianza kuipeleka miche sokoni na kumgawia yeyote aliyesema alipoteza yake. Kuna waliodanganya, na mumewe aliwajua kwa sura. "Yule hana hata dirisha," alinong'ona. Shangazi alimpa mche hata hivyo.

Mtayarishaji alikuja nyumbani mvua zikiwa zimekwisha kuanza, viatu mkononi. Alikaa jikoni, akazungushazungusha kikombe.

"Mama yangu naye alipanda," alisema hatimaye.

"Wiki ile?"

"Wiki ile. Nimemwambia ni mimi niliyeurusha ule mkanda. Sasa akinipakulia chakula anakitua mezani kama anapiga muhuri." Alikunywa kidogo. "Leo nimemwambia bosi. Amefoka, lakini bado nina kazi. Mkanda wako utatoka Ijumaa, mwalimu, kama ulivyo."

Ulitoka kama ulivyo. Baada ya hapo shangazi alirudi kati ya jenereta na tangi, akakaa huko mpaka mvi zilipomjaa. Lakini hakuwahi tena kusema wiki hii, wala mwezi huu, wala kesho. Alisema: udongo ukishika ukiufinya, mche ukiwa na majani kama vidole vya mkono mmoja, jioni, jua likishapoa. Watayarishaji waliokuja baadaye walidhani ni mtindo wake wa kuongea. Vipindi vyake bado vinarudiwa, na mtu anaweza kuviona katikati ya kiangazi asidhurike.

Mwezi uliopita nilikaa naye uani, akipunguza miche ya bilinganya. Nilikuwa nimelibeba swali moja kwa miaka.

"Shangazi, kosa lilikuwa la yule aliyeurusha mkanda. Kwa nini ulikubali kupoteza kipindi ili uombe radhi wewe?"

Aling'oa mche mwembamba, akauweka pembeni.

"Walipanda kwa sababu mimi niliwaambia wapande," alisema.