Nyota Mwanzoni mwa Mstari

Miaka ya Ujamaa nilikuwa mpiga chapa wa gazeti la elimu ya watu wazima pale Mkiwa. Walimu wa vijijini walituletea habari kwa mwandiko wa mkono, maneno yamebanana, nikawa sijui kichwa kiko wapi wala orodha inaanzia wapi. Nikabuni alama: nyota mwanzoni mwa mstari ni kichwa cha habari, kistari ni jambo moja la orodha. Walimu wakazizoea. Mimi nikizifuata nilichapa gazeti, na mwenzangu wa ofisini akizifuata aliandika habari ileile kwa herufi kubwa kwenye bango la darasa. Nilimfundisha mwenyewe, kwa subira, kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Baadaye tukaitwa semina mjini Singida. Mwenzangu akasimama ubaoni, akachora nyota.

"Njia hii nimeibuni mwenyewe," akasema.

Wakubwa wakampigia makofi. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Umeelewa, ndugu?"

Nikamjibu, "Nimeelewa, ndugu."

Wiki chache baadaye alihamishiwa mkoani akafundishe wengine. Siku ya kuagana alinipa mkono, nikaupokea, lakini sikuweza kumtazama usoni.