Mwanaidi, Mninga wa Bondeni Bado Umesimama

Jamani, akili yangu imegoma kabisa. Juzi tumemzika Mwanaidi kwao Mazingara, Handeni, lakini leo asubuhi mkono wangu ulishaanza kumwandikia: "Coordinator, petroli ya msumeno imepatikana?"

Kwa wasiomjua: alikuwa fundi cherehani Korogwe mjini, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Ndiye aliyetukusanya watu wa kujitolea tuokoe mininga ya kwao Handeni. Tulikuwa na majembe, group la WhatsApp na kelele nyingi.

Mininga inaumwa. Ugonjwa unaanzia kwenye mizizi, majani ya juu yanageuka manjano, mti unakauka ukiwa wima. Mizizi ikigusana, mgonjwa anamwambukiza jirani kimyakimya huko chini. Mwanaidi alisema huo si ugonjwa, ni umbea.

Halafu mkali! Ukitoka mti mmoja kwenda mwingine, lazima uoshe panga na viatu kwa maji ya jiki. Nikamdanganya nimeosha. Akainama akanusa kiatu changu mbele ya team nzima. "Mama Neema, hii ni soksi, siyo jiki." Yesu wangu, watu walicheka!

Ila kuna jambo lake moja hakuna aliyethubutu kulicheka. Kabla ya kugusa mti mgonjwa alivua viatu, akasimama karibu na shina, akabisha hodi. Kwao Wazigua mti mkubwa haukatwi bila ruhusa ya mizimu wanaokaa humo. Mimi Msambaa wa kanisani nilikuwa nageukia pembeni nikisubiri amalize.

Siku moja alibisha, akatega sikio, kisha akavaa viatu vyake. "Tuondoke. Leo wamekataa."

Tukanung'unika, maana wengine walitoka mbali kama Mkumbara. Hatujafika hata barabarani tukasikia kishindo. Tawi zima lilianguka pale pale tulipokuwa tumekaa kunywa maji, na siku hiyo hapakuwa na upepo.

Na ile miche tuliyootesha kitaluni! Mninga mchanga hukauka juu kila kiangazi, mzizi ukabaki hai, mvua zikija unachipua. Wenzetu wapya walikuta kitalu kimekauka, wakadhani ugonjwa umeingia, wakaanza kung'oa. Mwanaidi alipiga ukunga kama wa msibani. Akakwaruza mzizi mmoja kwa ukucha, ukatoka utomvu mwekundu kama damu.

"Mnazika mtu anapumua!" alisema.

Miche iliyosalimika tuliipanda bondeni, karibu na mninga mmoja mkubwa wa zamani sana. Ilikuwa inapendeza mno. Kisha majani ya ule mkubwa yakageuka manjano.

Hapo hakuna mjadala. Mti ule usipokatwa na kuchimbiwa mtaro, mizizi yake inaifikia miche yote, na kazi yetu imekwisha. Wazee wa kijiji walikubali shingo upande, kwa sababu aliyeomba ni mtoto wao.

Tulikwenda wawili tu, yeye na mimi, akaombe ruhusa kabla ya siku ya kukata. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosini, na hapakuwa na sauti ya ndege hata mmoja. Alisimama mpaka nikaona vinyweleo vya mikono yake vimesisimka.

"Vipi shoga, wamekubali?"

"Wamekubali. Ila wanasema nisiwe na haraka ya kurudi nyumbani."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Jioni homa ikampanda, na kabla wiki haijaisha tukawa tunamchimbia kaburi. Hospitali wamesema ni malaria kali. Naamini. Lakini na mimi nilikuwepo pale chini ya mti, nilimsikia kwa masikio yangu. Mambo haya mawili yanakaa ndani yangu na hayasalimiani.

Msibani maneno yakaanza: mti umemchukua, na atakayeugusa ndiye anayefuata. Watu wakatoka kwenye group mmoja mmoja. Mwenye msumeno kazima simu. Siwalaumu, kwa kweli.

Jana mama yake aliniita pale kwenye mkeka. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio kaacha kazi gani?"

Nikamweleza mti, mizizi, miche.

"Na usipokatwa?"

"Miche itakufa yote, mama."

Akajifunga khanga kiunoni. "Haya. Kama ni kweli wamemchukua mwanangu, basi wamepata chao. Na hiyo miche wasiiguse, hao ni wajukuu zangu. Kesho niamshe mapema, na shoka liwe na makali."

Kwa hiyo, ndugu zangu, leo tunakwenda, mimi na mama. Msumeno hatuna. Anayetaka kuja aje, asiyetaka atuombee. Naandika hapa tukiwa njiani, na sitawadanganya, naogopa.

Mwanaidi, Mungu akulaze pema, dada yangu. Mchango wako tumeuona, na kukupenda tutakupenda daima.

Na kama ni kweli walikuzuia usirudi, kama bado upo pale bondeni, sogea kidogo, shoga. Mama yako ameshika shoka, na machozi hayamwachi aone vizuri.