Chungu cha Pembeni ya Benchi

Ilikuwa mwaka ule kliniki ya mifugo ilipopakwa rangi. Hapana, ni uliofuata, maana benchi jipya lilikuwa limeshafika. Mfagiaji wake alikuwa mtu wa maneno machache, na hakushika kitu kabla ya kufuta mikono kwenye aproni. Kila asubuhi alikikuta chungu cha ua lenye majani mapana pembeni ya benchi, wanapolala mbwa wagonjwa. Ukutani bango lilionyesha ua lilo hilo, limepigwa mstari mwekundu: sumu kwa mbwa. Kukitupa hakuthubutu, mali ya ofisi ile. Alikipandisha kabatini taratibu, kama anayelaza mtoto. Kesho yake kiko chini.

“Dada, nani anakishusha?”

“Kwa mgongo wangu huu, baba?” karani alicheka. “Muulize daktari.”

“Mimi nilidhani ni wewe, mzee,” daktari akasema.

Siku moja mbwa mdogo akatafuna jani, akatokwa mapovu. Mfagiaji ndiye aliyemsuuza ulimi kwa maji ya kikombe chake, hadi mbwa akatulia. Kisha akawatazama karani na daktari.

“Si mimi, si dada, si daktari. Basi chungu kinashuka kwa miguu ya nani?”